Mistari minne msituni: uwanja wa ndege wa Tinian ulijengwa kwa nini, na mbona ukaachwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa malori, nabeba mzigo kutoka Dar kwenda Lubumbashi na Likasi kupitia Tunduma. Safari iliyopita tulikwama Likasi siku tatu tukisubiri kushusha. Jamaa mmoja wa pale akaniambia bomu lililoiunguza Hiroshima lilitoka kwenye udongo wa kwao, akataka anipeleke nikaone shimo lenyewe. Nikaanza kutafuta kwenye simu, moja likaniletea jingine, hadi nikafika kwenye kisiwa kinaitwa Tinian. Nikakuza picha ya setilaiti, nikaona mistari minne imenyooka kama rula katikati ya msitu. Naambiwa ni uwanja wa ndege wa vita. Sasa nauliza: kisiwa kidogo vile, uwanja mkubwa vile wa nini? Na kama ulikuwa wa maana kiasi hicho, mbona waliuacha ukaota miti? Na yule jamaa wa Likasi anasema kweli? Niende kuona hilo shimo?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Jamaa wa Likasi amekuambia kweli. Kuhusu shimo nitakujibu mwisho, na nakuomba usiende kabla hujafika huko.

Tuanze na mistari yako. Nimefanya kazi ya viwanja vya ndege tangu ujana, kwanza kama mpima, baadaye kama mhandisi, na tangu nistaafu nimekuwa nikifuatilia viwanja vilivyoachwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika vyote, huo wa Tinian ndio rahisi kuliko vyote kumweleza dereva, kwa sababu ulizaliwa na hesabu unayoipiga wewe kila unapojaza tangi: mzigo kiasi gani, mafuta kiasi gani, umbali gani. Ukigusa kimoja, viwili vingine vinakubana.

Lori lenyewe kwanza. Mwaka 1944 Marekani ilikuwa na ndege mpya ya mabomu, B-29. Injini nne, watu 11 ndani, na uwezo wa kwenda mbali kuliko ndege yoyote ya mabomu ya wakati ule. Ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: injini zake zilipata joto kupita kiasi na mara nyingi ziliwaka moto, hasa wakati wa kuruka ikiwa imeshiba mzigo. Shida ya pili ilikuwa mahali pa kuiegesha. Walianza kuituma Japan kutokea China, kwenye viwanja vya Chengdu. Lakini makao yake yalikuwa India, na kila pipa la petroli, kila bomu na kila spea ilibidi ivushwe kwa ndege juu ya milima ya Himalaya kabla ya kufika Chengdu. Mara nyingi B-29 zenyewe ziligeuzwa matangi ya kusomba mafuta yao wenyewe. Fikiria uambiwe upeleke lori moja Likasi, lakini kabla yake utangulize malori kadhaa yamebeba dizeli ya hilo lori moja. Na baada ya taabu yote hiyo, kutoka Chengdu ndege ilifika kusini mwa Japan tu. Tokyo haikufikika.

Sasa chukua ramani ya Bahari ya Pasifiki. Kusini mwa Tokyo, kama kilomita 2,400, kuna msururu wa visiwa vinaitwa Mariana. Vikubwa ni Guam, Saipan na Tinian. Kilomita 2,400 ni kama safari yako ya Dar hadi Likasi na nyingine kidogo juu yake. Tofauti ni kwamba B-29 ilikwenda na kurudi bila kituo cha mafuta katikati, bila pa kuegesha ikiharibika, na bahari tupu chini yake. Lakini safari hiyo iliwezekana. Na mafuta yangekuja kwa meli hadi mlangoni. Ndiyo sababu ya kwanza ya uwanja wako: Tinian ilikuwa umbali unaofaa, na ilikuwa tambarare. Saipan ina milima katikati, Guam ina mabonde. Tinian ni kama meza, kilomita za mraba 101 hivi za ardhi iliyolala.

Kabla ya kufika kwenye lami, sitaki uondoke ukidhani kisiwa kilikuwa kitupu. Ndivyo vitabu vingi vya vita vinavyokifanya kionekane, na huwa inanikera. Wenyeji wa Mariana ni Wachamoro. Kwenye Tinian walisimamisha nguzo za mawe za ajabu, zenye kofia ya jiwe juu, kubwa kupita kimo cha mtu mara mbili; mojawapo ya Nyumba ya Taga ingali wima hadi leo. Wahispania walipoitawala Mariana, watu wa Tinian wakahamishiwa Guam, na kisiwa kikabaki malisho ya ng'ombe. Mwaka 1899 Hispania ikaviuza visiwa hivi, isipokuwa Guam, kwa Ujerumani. Hapo unaweza kuiona Tanganyika kwenye kioo: koloni la Mjerumani kama sisi, likanyang'anywa katika vita ya 1914, likakabidhiwa mtawala mwingine kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Sisi tukapewa Mwingereza. Wao wakapewa Mjapani.

Mjapani akapanda miwa. Kampuni moja ya sukari iligeuza karibu kisiwa chote kuwa shamba, ikajenga viwanda na reli ndogo, ikaleta wakulima na vibarua, wengi wao kutoka Okinawa, na wengine kutoka Korea. Hadi vita inakaribia, Tinian ilikuwa na raia zaidi ya 15,000, na Wachamoro kati yao walikuwa wa kuhesabika. Kaskazini, pale unapoona mistari, jeshi la majini la Japan lilikuwa na uwanja wake wa Ushi, wenye njia ya kurukia ya mita 1,450 hivi. Mistari ya Wamarekani ilikuja juu yake.

Wamarekani walitua Saipan tarehe 15 Juni 1944, na Tinian tarehe 24 Julai. Kutua Tinian kwenyewe kulikuwa hila. Wajapani walipanga ulinzi wao kusini, mbele ya mji, kwenye fukwe pana ambako kila mtu mwenye akili angetua. Asubuhi ile meli zikajipanga mbele ya mji, zikashusha maboti, zikafyatua mizinga, kisha maboti yakapandishwa tena. Wakati huohuo kikosi chenyewe kilikuwa kinatua kaskazini-magharibi kwenye fukwe mbili finyu za mchanga, moja haifiki hata mita 60 kwa upana. Hadi giza linaingia, askari zaidi ya 15,000 walishapita kwenye upenyo huo. Mizinga iliyokuwa Saipan, ng'ambo ya mlango wa bahari wa kilomita tano hivi, iliwafunika. Tarehe 26 uwanja wa Ushi ulikuwa mikononi mwao, na tarehe 1 Agosti kisiwa kikatangazwa kimetekwa. Karibu kikosi chote cha Wajapani, maelfu ya watu, kiliangamia. Na kusini kuna jabali ambalo raia, wakiwemo akina mama wenye watoto mgongoni, walijirusha kwa kuamini mambo waliyoambiwa watatendewa wakikamatwa. Nikiangalia picha za lile jabali huwa siwezi kuendelea na kazi kwa muda.

Wahandisi waliingia risasi zikiwa bado zinalia. Walikuwa vikosi vya ujenzi vya jeshi la majini, watu waliokuwa mafundi barabara, waendesha greda na wachimba mawe uraiani kabla ya kuvaa sare. Hapa ndipo ninapopapenda, na uniruhusu nikae kidogo.

Kisiwa chote ni mwamba wa matumbawe uliopanda juu ya bahari. Watu wa pwani yetu wanalijua jiwe hilo: kuta za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe ni matumbawe na chokaa. Wale mafundi walifanya kazi na jiwe lilelile kwa katapila. Walilipua mwamba, wakausomba kwa malori, wakaumwaga, greda likasambaza, wakamwagia maji ya bahari, shindilia (mashine ya kukandamiza) likapita, wakamwagia tena, likapita tena. Matumbawe yaliyosagika yakiloweshwa na kushindiliwa hushikana, na yakikauka huwa magumu karibu kama saruji. Juu yake wakatandaza lami ya sentimita tano au sita tu. Unene huo leo nikiupeleka kwenye meza ya mwajiri nitafukuzwa, lakini tandiko lililokuwa chini lilibeba kazi. Wakafanya hivyo usiku na mchana, njia baada ya njia. Ya kwanza ilikuwa tayari Desemba 1944, ya nne Mei 1945. Kila moja ina urefu wa mita 2,600 hivi. Magharibi ya kisiwa wakajenga uwanja wa pili wenye njia nyingine mbili. Njia sita za ndege kubwa, kwenye kisiwa ambacho ungekivuka kwa baiskeli asubuhi moja.

Labda unajiuliza kwa nini nne zilale sambamba badala ya kukatana kama kwenye viwanja vya zamani. Kwanza, upepo. Kwetu kaskazi na kusi hupokezana. Kule, sehemu kubwa ya mwaka, upepo hutoka mashariki, na ndege hutaka kuruka ikiukabili upepo. Basi elekezo moja lilitosha. Pili, rudi kwenye tangi lako. Tuseme ndege 120 zinatoka usiku mmoja, na moja inaruka kila dakika. Kwenye njia moja utatumia saa mbili, na ile ya kwanza itakuwa inazunguka hewani ikichoma mafuta yaliyohesabiwa ya kurudia nyumbani. Kwenye njia nne, nusu saa imekwisha. Zile njia nne ni lita za mafuta zilizookolewa. Hata vile viungio vyote unavyoviona kama matawi, na maegesho ya duara yaliyotapakaa kila upande, vimepangwa ili ndege isisubiri huku injini zinaunguruma na kuchemka. Mwaka 1945 hapakuwa na uwanja mkubwa kuliko huo popote duniani.

Askari waliona kisiwa kinafanana umbo na Manhattan, New York, wakaziita barabara zake kwa majina ya kwao: Broadway, 8th Avenue. Majina hayo bado yanatumika. Ukiikuza ramani utaiona Broadway inakata kisiwa kutoka kaskazini kwenda kusini.

Na ndege zilikwenda kufanya nini? Kuchoma miji. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, B-29 zaidi ya 300 kutoka visiwa vyote vitatu ziliruka kwenda kuimwagia Tokyo mabomu ya moto. Jenerali Curtis LeMay aliamuru ziruke chini na ziondolewe sehemu kubwa ya bunduki na risasi zake, ili nafasi ya uzito ichukuliwe na mabomu. Inakadiriwa watu 100,000 hivi walikufa usiku huo mmoja, wengi wao raia kwenye mitaa ya nyumba za mbao. Ni idadi inayolingana na ya mabomu ya atomiki, lakini wachache wanaijua. Kuanzia mwishoni mwa Machi, ndege za uwanja huu zilipewa pia kazi ya kutega mabomu ya majini kwenye bandari na milango ya bahari ya Japan, mpaka meli za chakula zikakwama.

Kuna jambo moja sijawahi kulisoma bila kusimama. Wakati huohuo, kwenye kisiwa hichohicho, raia wapatao 11,000 walionusurika walikuwa ndani ya seng'enge, kwenye kambi iliyoitwa Churo. Wajapani, Waokinawa, Wakorea, Wachina kidogo. Walilima bustani, watoto walisoma shule. Kila jioni walisikia ndege zikiruka, na kila asubuhi walizisikia zikirudi. Walijua zinakotoka. Wengi walikuwa na ndugu huko. Walibaki mle hadi 1946, waliporudishwa makwao.

Sasa bomu lako. Katikati ya 1945 kikosi cha pekee kilihamia Tinian, kikapewa eneo lake lenye ulinzi. Tarehe 26 Julai meli ya vita Indianapolis ilishusha sehemu kuu za bomu la kwanza. Siku nne baadaye, ikiwa imeshaondoka, ilizamishwa na nyambizi ya Japan, na watu karibu 900 wakafa baharini.

Bomu lenyewe lilileta tatizo ambalo dereva utalielewa mara moja: halikuingia chini ya ndege. Lilikuwa na uzito wa kilo 4,400 hivi, na tumbo la B-29 liko karibu na ardhi. Bomu la kawaida unalisukuma kwa kitoroli chini ya ndege na kulipandisha kwa winchi. Hili lilikuwa refu na nene mno. Mafundi wakachimba mashimo mawili ya zege pembeni ya maegesho, kila moja na jeki ya maji ndani. Bomu lilisukumwa juu ya shimo, likashushwa ndani, ndege ikavutwa kinyumenyume mpaka mlango wa tumbo ukakaa sawasawa juu ya shimo, kisha jeki ikalipandisha polepole. Umewahi kuona mafundi wa gereji wakikagua lori juu ya shimo? Ni wazo lilelile.

Mchana wa tarehe 5 Agosti bomu lilikuwa tumboni mwa ndege iliyoitwa Enola Gay. Na hapo ugonjwa wa zamani wa B-29 ukamnyima usingizi nahodha William Parsons, mwanajeshi wa majini aliyesimamia silaha ile. Alikuwa ameona ndege zikishindwa kuruka na kuwaka moto mwisho wa njia. Ndege ya usiku ule ingebeba bomu na mafuta hadi karibu tani 68, zaidi ya uzito wake wa kawaida. Ikianguka na bomu likiwa tayari, nusu ya kisiwa ingeondoka nayo. Akaamua baruti ya kufyatulia itiwe hewani, baada ya kuruka. Tatizo ni kwamba hajawahi kulifanya. Basi akaingia kwenye tumbo la ndege lenye joto kama tanuri, akajikunja nyuma ya bomu, akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka vidole vikachubuka na mikono ikawa myeusi kwa grafiti. Jenerali Thomas Farrell akampa glavu nyepesi za ngozi. Akakataa. Alitaka vidole vihisi.

Saa 8:45 usiku wa kuamkia tarehe 6, rubani Paul Tibbets aliachia breki kwenye njia ya kaskazini kabisa, ile walioiita Able. Kwenye picha yako ni ya kwanza kutoka juu. Alitumia karibu mita zote 2,600 kabla ya kuinua pua, na mbele yake lami ilipoisha palikuwa na bahari. Saa 2:15 asubuhi kwa saa za Japan bomu liliachiwa juu ya Hiroshima. Saa 8:58 mchana Enola Gay ilitua tena Tinian. Saa 12 na dakika 13. Hadi mwisho wa mwaka ule, watu 140,000 hivi wa Hiroshima walikuwa wamekufa. Tarehe 9 ndege nyingine, Bockscar, iliondoka palepale na bomu la pili. Mji uliokusudiwa, Kokura, ulifunikwa na wingu na moshi, pampu moja ya mafuta ilikuwa mbovu, na mafuta yakawa yanaisha. Ikageukia Nagasaki. Baada ya hapo haikuwa na mafuta ya kurudi Tinian. Ilitua Okinawa matangi yakiwa karibu makavu.

Swali lako la pili lina jibu fupi kuliko unavyotarajia. Uwanja uliachwa kwa sababu hesabu ilibadilika. Vita iliisha Agosti 1945. Mwaka uliofuata ndege nyingi zilishaondoka, na ndani ya miaka miwili uwanja ulikuwa umefungwa. Mwaka 1948 likaja B-36, dege lenye uwezo wa kuruka maelfu ya kilomita zaidi, na kisha ndege zikaanza kujazwa mafuta hewani. Umbali wa kilomita 2,400 haukuwa tena na thamani. Kilichohitajika kilikuwa kituo kimoja chenye bandari nzuri ya kina kirefu, na hicho kilikuwa Guam, ambayo Marekani iliichukua kutoka Hispania mwaka 1898. Tinian ina bandari ndogo na iko kwenye njia ya tufani. Kulinda kilomita nyingi za lami bila ndege ni gharama tupu. Uwanja wa magharibi ulinusurika kwa sababu watu waliuhitaji. Leo ndio uwanja wa abiria wa kisiwa.

Lami isiyopitiwa na magurudumu hufa haraka kuliko inayotumika. Jua huikausha, ufa unafunguka, vumbi linaingia kwenye ufa, mbegu inaingia kwenye vumbi. Na mbegu iliyoingia Tinian unaijua: ni lusina. Ule mti wa malisho tunaowashauri wafugaji wapande kwa ajili ya mbuzi. Kule wanauita tangan-tangan, na baada ya vita Wamarekani waliutawanya visiwani kwa ndege ili uzuie mmomonyoko kwenye ardhi iliyochunwa na mabomu na katapila. Mizizi yake hushuka sana, na huzaa mbegu bila kuchoka. Msitu wa kijani unaouona kati ya mistari, sehemu kubwa ni lusina. Ndani yake bado yamesimama majengo ya zege ya Wajapani, la uongozi wa anga na mahandaki, yana matundu ya risasi na nondo zimechomoza.

Wachamoro walirudi. Mwaka 1948 kundi lililokuwa limehamishiwa kisiwa cha Yap lililetwa Tinian, na wengi wa wakazi 2,000 hivi wa leo ni uzao wao. Wanaishi kusini. Theluthi mbili za kaskazini, pamoja na uwanja wako wote, zimekodishwa kwa jeshi la Marekani tangu 1983. Mwaka 2004 yale mashimo mawili ya bomu, yaliyokuwa yamefukiwa, yalifukuliwa na kufunikwa kwa paa la vioo. Watu huenda kuyaona, Wajapani wakiwemo, na wengine huweka maua.

Na kama picha uliyoiona ni ya miaka ya karibuni, mistari yako ilikuwa myeusi na safi kuliko ambavyo ingekuwa miaka kumi iliyopita. Tangu mwanzoni mwa 2024 wahandisi wa jeshi la anga la Marekani wamerudi na katapila wanang'oa ile lusina. Hesabu imegeuka tena: ndege zote zikirundikwa Guam, makombora machache yanatosha kuzimaliza, kwa hiyo wanatafuta mahali pengine pa kuzitawanya. Wamekuta matumbawe ya 1944 chini ya mizizi bado yamelala pale yalipolazwa na shindilia.

Sasa Likasi. Mgodi aliokutajia jamaa ni Shinkolobwe, kama kilomita 20 kutoka mjini. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière iliuchimba awali kwa ajili ya radiamu, na urani, kiini cha bomu la atomiki, ilionekana kama makapi. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alishtuka vita ilipoanza, na mwaka 1940 akasafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo kupitia bandari ya Lobito hadi ghala moja Staten Island, New York. Yakakaa humo kwenye mapipa. Septemba 1942 kanali Kenneth Nichols, mwanajeshi wa mradi wa bomu wa Marekani, alipoingia ofisini kwa Sengier New York akiulizia urani, mzigo ulikuwa tayari ng'ambo ya maji. Utajiri wa mawe ya Shinkolobwe hauna mfano: mengine yalikuwa na urani hadi asilimia 65, wakati madini ya kwingine mara nyingi hayafiki hata asilimia 1. Mgodi ukafunguliwa upya kwa ajili ya vita, na Wakongo wakachimba na kubeba kwa mikono yao bila kuambiwa jiwe linakwenda wapi. Sehemu kubwa ya urani ya mradi mzima wa bomu ilitoka pale, kwa bomu la Hiroshima na kwa matanuri yaliyotengeneza plutoniamu ya bomu la Nagasaki. Kwa hiyo shehena iliyopandishwa kwa jeki kutoka kwenye lile shimo la Tinian ilianza safari yake karibu na mji uleule ulikokwama siku tatu.

Usiende kuliona shimo. Wabelgiji waliliziba kwa zege walipoondoka, lakini watu walirudi na sululu kutafuta kobalti, na mwaka 2004, mwaka uleule mashimo ya Tinian yalipofukuliwa, sehemu ya mgodi iliporomoka ikaua wachimbaji. Serikali ilikwisha kupiga marufuku eneo lote, na ukikutwa humo utakuwa na kesi ambayo tajiri wako hatakusaidia. Kubwa zaidi ni vumbi. Jiwe la urani ukilishika kwa muda mfupi halitakudhuru sana, lakini vumbi lake likiingia kifuani linakaa na kuendelea kuchoma kwa miaka, na hewa ya mashimo yale ina gesi ya radoni isiyo na harufu wala rangi. Jamaa akikuletea jiwe zito lenye mikwaruzo ya manjano au kijani kama kumbukumbu, mshukuru na umrudishie. Usiliweke kwenye kebini unamolala.